Mjadala: Mashine za kuundia vifurushi ziwe za mradi wenyewe, au ziendelee kuwa za hisani?

Mpakiaji wa Usiku:
Ndugu zangu, ninaomba tulijadili jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka siku linapoharibika tu. Homebrew, mfumo wa kusakinisha programu ambao tangu toleo la 2.0 la Februari 2019 unahudumia Linux pamoja na macOS, hulazimika kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) kila fomula, yaani hati ya maelekezo ya kuunda programu moja, inayobadilishwa kwa prosesa za Intel na za ARM, na kwa matoleo kadhaa ya macOS, kisha kifurushi kilichokamilika, ambacho wenyewe hukiita chupa, kipandishwe kwenye hifadhi ambako sisi tunakipakua. Kazi hiyo karibu yote inaegemea mashine na hifadhi za wafadhili. Mwezi Februari 2021 wenye Bintray, iliyokuwa ghala la chupa hizo, walitangaza kwamba wangeifunga tarehe 1 Mei mwaka huohuo, na wasimamizi wakahamisha kila kitu kwenda GitHub Packages, hifadhi ya vifurushi ya GitHub, katika muda usiofika miezi mitatu. Je, mradi unaotegemewa kiasi hiki uendelee kuishi kwa hisani, au ukusanye michango na kununua mashine zake?

Jiko la Kenel:
Swali ni zuri, lakini linaulizwa na mtu ambaye hajawahi kuamshwa saa tisa usiku kwa sababu diski imejaa. Kununua mashine ni sehemu rahisi. Kuitunza ndiko kunakowamaliza watu wanaojitolea. Tena kwa upande wa Mac hata fedha haziwezi kila kitu, kwa kuwa leseni ya macOS inaruhusu mfumo huo uendeshwe juu ya mashine za Apple pekee, na kila mashine isizidishe macOS mbili za ziada ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa na programu. Huwezi kununua seva moja kubwa ya bei nafuu ukarundika humo Mac hamsini. Na tangu Big Sur, toleo la macOS la mwaka 2020, anayekodisha macOS kwa ajili ya kazi za namna hii ni lazima aikodishe kwa saa 24 mfululizo au zaidi. Kwa maoni yangu mzigo ungepungua mara moja kama Mac za Intel zingeachwa leo hii. Anayeng'ang'ania Mac ya Intel hadi sasa anunue mpya, au aache kuwachosha watu wanaofanya kazi bure.

Binti Kariakoo:
Nimeyasoma maelezo yako ya leseni nikayakubali, kisha nikafika kwenye sentensi ya mwisho. Anunue mpya! Bwana Jiko, kompyuta yangu ni MacBook ya mwaka 2015, niliinunua Kariakoo ikiwa imekwisha kutumika, na ndiyo iliyolipa ada ya mdogo wangu kwa miaka miwili. Nusu ya watengenezaji programu ninaowafahamu hapa mjini wanatumia mashine za mtumba zilizowachosha watu wa Ulaya. Wewe unaiita takataka ya kutupwa, sisi tunaiita ofisi.

Jiko la Kenel:
Sikusema takataka, dada, na ninaomba usiniwekee neno kinywani. Lakini kwa kuwa umeitaja, MacBook ya 2015 haivuki Monterey, toleo la macOS la mwaka 2021, na Homebrew huunda chupa kwa matoleo matatu tu ya karibuni ya macOS. Mashine yako imekwisha kuachwa zamani. Unapigania kiti katika gari lililokwisha kuondoka stendi.

Binti Kariakoo:
Nani amekuambia kwamba ninatumia macOS? Nimeweka Debian, ambayo ni Linux, na Homebrew nimeiweka juu yake, na chupa zote ninazipata.

Jiko la Kenel:
Basi jambo hili halikuhusu hata kidogo! Tumepoteza machapisho matatu.

Binti Kariakoo:
Linanihusu, kwa sababu uliyemtukana ni mwenye mashine kuukuu, wala hukuuliza kwanza ana mfumo gani.

Mzee Makefile:
Tupoe. Nirudi kwenye hisani, kwa maana mimi nimeyaona. Wale wa conda-forge, mradi mwingine wa vifurushi unaoendeshwa na wanaojitolea, kama kumbukumbu yangu haijachakaa, waliachwa solemba mwaka 2019 Travis, huduma ya kukompaili kwa mtandao, ilipoacha kutoa mashine za bure, wakakaa bila pa kuundia vifurushi. Asiyejifunza kwa hilo hatajifunza kwa lolote. Nunueni mashine.

Mhakiki:
Mzee wangu, kumbukumbu imechakaa kidogo. Travis ilibadilisha utaratibu wake wa malipo Novemba 2020, na wakati huo sehemu kubwa ya kazi ya conda-forge ilikuwa imeshahamia Azure Pipelines, huduma ya Microsoft, ambayo nayo ni hisani. Kwa hiyo mfano wako unathibitisha kinyume cha ulichokusudia: walinusurika kwa sababu maelekezo ya kuundia yalikuwa yameandikwa kwa namna inayohamishika, na kila kifurushi kilikuwa na hazina yake iliyozalishwa na programu ileile, hivyo kubadilisha mtoa mashine kulikuwa kazi ya hati, si kazi ya kubeba vyuma. Kama kuna hisani ya kuiogopa, ni ya hifadhi kuliko ya mashine. Waulizeni watu wa Nix, mfumo mwingine wa vifurushi. Kampuni ya LogicBlox ilikuwa ikilipia hifadhi yao iliyoko S3 ya Amazon, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba haitaendelea. Ghala lilikuwa na mamia ya terabaiti na bili yake ilikuwa maelfu ya dola kila mwezi. Kubaki kuna bili, na kuitoa data humo kuna bili yake nyingine. Mashine ya kukompaili ikifungwa leo, kesho unakodi nyingine. Ghala la miaka mingi hulibebi mgongoni.

Mzee Makefile:
Sawa, 2020. Lakini "imechakaa kidogo" ungeweza kuiacha, kijana. Nilikuwa naandika hati za kukompaili wakati wewe hujajua kufungua terminali.

Mhakiki:
Maneno ya kuchakaa uliyaanza wewe, mzee, mimi nimeyarudia tu. Shikamoo.

Mzee Makefile:
Marahaba. Bado nasema nunueni mashine.

Jiko la Kenel:
Mzee, nikupe kisa. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, ambayo sitaitaja, ilinunua Mac mini ya kuundia programu ya simu ikawekwa chini ya meza ya mapokezi. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi baada ya dakika ishirini, na mashine ikawaka yenyewe vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba diski ilikuwa imefungwa kwa FileVault, ambayo husubiri nywila kabla mfumo haujaamka, na mashine haikuwa na skrini wala kibodi. Tuliijaribu kwa mtandao siku nzima, tukadhani imekufa, kumbe ilikuwa imekaa kimya inasubiri mtu aiambie neno moja. Hiyo ni mashine moja. Mnataka wanaojitolea watunze ngapi?

Fungu la Tar:
Ninashangaa kwamba hakuna aliyetaja usalama, ambao kwangu ndio kiini cha swali. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1, programu ya kubana faili inayotumika kila mahali, kuna mlango wa uani, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Hati iliyouamsha ilikuwa ndani ya faili ya tar iliyotolewa na mradi, haikuwemo kwenye hazina ya Git ambako watu hukagua. Homebrew ilirudi haraka kwenye 5.4.6, ingawa mlango ule ulilenga vifurushi vya deb na rpm, aina mbili kuu za vifurushi kwenye Linux. Mashine yako mwenyewe ingeikompaili sumu ileile kwa uaminifu uleule. Badala ya kuuliza nani anamiliki chuma, tungeuliza kama watu wawili, kwenye mashine mbili zisizojuana, wanaweza kukompaili msimbo mmoja na kupata kifurushi kisichotofautiana hata kwa baiti moja. Likiwezekana hilo, hisani inapoteza makali yake, kwa kuwa mfadhili akichezea kitu ataonekana.

Binti Kariakoo:
Ndugu Fungu la Tar, nakubaliana na wewe, na ninaongeza kwamba mashine hiyo ya pili ya kuhakikishia inaweza kuwa ya mtumba.

Jiko la Kenel:
Naona hatutaiacha mtumba leo.

Binti Kariakoo:
Hatutaiacha. Apple yenyewe ilisema Juni 2025 kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Maana yake ni kwamba Mac za Intel zitashuka bei, zitajaa madukani kwetu, na vijana watazinunua kwa wingi katika miaka ileile ambayo mifumo ya vifurushi itaanza kuziacha. MacPorts, mfumo mwingine wa vifurushi vya Mac ambao ulianza mwaka 2002 kwa ushiriki wa wafanyakazi wa Apple kwa jina la DarwinPorts, bado inaendesha mashine za kukompaili kwa macOS za zamani sana. Kwa hiyo msituambie haiwezekani, semeni hamtaki.

Jiko la Kenel:
Inawezekana, nami sikatai. Lakini kila jukwaa unalolibakiza linaongeza foleni: fomula moja ya maktaba ya chini ikibadilishwa, mamia ya zinazoitegemea hukompailiwa upya, mara idadi ya majukwaa. Chupa ya LLVM, mkusanyiko mkubwa wa zana za kukompaili, peke yake hula saa kadhaa. Aliyekaa kwenye foleni hiyo akisubiri marekebisho ya usalama naye ana haki, hata kama mashine yake ni mpya na humpendi.

Binti Kariakoo:
Hapo sasa umejibu kama mtu. Ungeanza na hilo.

Mpakiaji wa Usiku:
Niliuliza nani amiliki mashine, na ninaona tumehamia kwenye swali la nani ana haki ya kuamua jukwaa lipi liachwe. Sijakasirika, maana huenda ni swali moja: anayetoa mashine ndiye anayechagua ni zipi atazitoa, na mfadhili akiondoa mashine za Intel, msimamizi hana la kufanya isipokuwa kutangaza kwamba Intel imeachwa. Mhakiki, je, kuna anayejua kama mradi unaweza kupokea mashine ya mtu binafsi ikaendeshwa kutoka nyumbani kwake?

Mhakiki:
Kiufundi inawezekana, programu ya kupokea kazi kutoka GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi kama hizi, huwekwa kwenye mashine yoyote. Lakini mwenye mashine hiyo anaweza kubadilisha chupa kabla haijapandishwa, kwa hiyo mimi nisingeipokea mpaka lile alilolisema Fungu la Tar liwe limefanyika kwanza.

Mzee Makefile:
Mimi ninayo Mac mini ya Intel, imekaa kabatini. Na haina FileVault.

Jiko la Kenel:
Mzee, hilo la pili usingelisema hadharani.