Tupeane uzoefu: michezo ya video ya mtindo wa kale, utamu wake na ugumu wake

Mleta mada

Ndugu zangu, salaam. Kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikicheza Celeste, nikaona nilete mada hii ili wanaoipenda michezo ya aina hii, pamoja na wale iliyowashinda, waelezane yaliyowakuta. Nazungumzia michezo iliyotengenezwa miaka ya karibuni lakini ikavishwa sura ya zamani: picha za pikseli zinazoonekana mraba mmoja mmoja, vitufe viwili vitatu vya kubonyeza, na ugumu usiomhurumia mtu. Celeste ilitoka mwaka 2018, zaidi ya miaka 30 baada ya Super Mario Bros. ya 1985, lakini ukiziweka pamoja unaona mara moja kwamba ni za ukoo mmoja.

Kilichonishika mimi ni nywele. Msichana tunayemwongoza, Madeline, mwanzoni anaweza kuchupa hewani, yaani kujirusha kwa kasi, mara moja tu kabla ya kugusa ardhi tena. Nywele zake huwa nyekundu akiwa bado na mchupo huo, na hugeuka buluu pindi anapoutumia. Ni vipande vichache vya rangi kwenye kioo kizima, lakini ndivyo vinavyoniambia, nikiwa nimezungukwa na miiba, kama bado nina njia au sina. Nikifa narudi mwanzo wa chumba kilekile kabla hata sijakasirika, na karibu kila mara naweza kueleza ni kosa gani lililoniua: nimeruka mapema, nimechupa kabla ya wakati, au nimeng'ang'ania ukuta hadi nguvu zikaisha. Mchezo huhesabu vifo vyote, na hesabu yangu imeshapita 2,000. Je, kwenu ugumu wa namna hii ni sehemu ya utamu, au mnauvumilia tu?

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nakushukuru. Mimi nilianza na michezo ya kale yenyewe, kwa hiyo ningependa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ugumu wa zamani haukuwa na chanzo kimoja. Mashine za kuchezea kwa sarafu zilitaka mchezaji afe upesi ili atie sarafu nyingine, na michezo mingi ya nyumbani ilirithi tabia hiyo. Isitoshe, nafasi ya kuhifadhia ilikuwa finyu mno: Super Mario Bros. nzima ilikaa ndani ya kilobaiti 40 hivi, na mchezo mfupi usipokuwa mgumu ungemalizwa kwa alasiri moja. Ghosts 'n Goblins ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa ukifika mwisho unarudishwa mwanzo ili uipitie yote mara ya pili. Nilipoambiwa hivyo niliweka padi ya kuchezea chini na sikuigusa kwa mwezi mzima.

Kuna pia kasoro za mashine. Kiweko cha NES, yaani mashine ya Nintendo ya kuchezea nyumbani, hakikuweza kuonyesha zaidi ya vipande 8 vya picha zinazotembea katika mstari mmoja wa kioo. Vikizidi, vilianza kutoweka na kurudi. Nakumbuka kupigwa na kitu ambacho sekunde hiyo hakikuonekana kabisa. Huo sikuuona kuwa ugumu wa haki wakati ule, na sasa pia siuoni hivyo. Ndiyo sababu naiheshimu Shovel Knight ya 2014, kwa kuwa watengenezaji wake walichagua cha kurithi: walichukua rangi chache na mruko unaohitaji kupimwa, wakaacha huko kule kutoweka kwa maadui. Ukifa, sehemu ya dhahabu yako hubaki ikielea mahali ulipofia, na ni juu yako kuamua kama utairudia kuichukua au utaiacha. Zaidi ya hayo, vile vituo vya kuanzia upya unaweza kuvivunja ili upate vito, na ukishakivunja hakikusaidii tena. Mtu anayejiamini anajiongezea ugumu kwa mkono wake mwenyewe, na huo ndio ubunifu ninaoupenda kuliko yote.

Mchangiaji wa pili

Nitakuwa na jambo moja tu, lakini ni la msaada. Kabla hujajilaumu, kagua runinga yako. Runinga nyingi bapa huchakata picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo, hata ukiwa wa sehemu ndogo sana ya sekunde, unatosha kuharibu mruko, kwa sababu kitufe unakibonyeza kwa picha ambayo tayari imepitwa. Nilihangaika na mchezo wa Mega Man 9 kwa siku nyingi, hasa pale penye matofali yanayojitokeza na kupotea, nikaamini vidole vyangu vimezeeka. Nilipowasha hali ya michezo kwenye mipangilio ya runinga, nilivuka jioni ileile.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni miongoni mwa walioshindwa, na sioni aibu kusema. Nina maumivu ya kudumu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na kurudia mruko uleule mara 80 kunaniumiza kwelikweli. Wanaosema kwamba atakayepunguza ugumu hajacheza, wananisikitisha. Celeste ina hali ya msaada inayomruhusu mchezaji kupunguza kasi ya mchezo au kuongeza idadi ya michupo, na kwa kasi iliyopunguzwa nilifika kileleni mwa mlima anaoupanda Madeline. Njia niliipata mwenyewe, kila chumba nilikisoma mwenyewe. Kilichopungua ni maumivu tu.

Mchangiaji wa nne

Pole sana kwa mkono, ndugu, na hongera kwa kilele.

Langu linahusu mchezo uitwao VVVVVV, wa mwaka 2010. Humo hakuna kuruka kabisa. Kitufe kimoja hugeuza nguvu ya mvutano wa ardhi, dari ikawa sakafu. Kuna mahali penye kijiwe kifupi, ambacho katika mchezo mwingine ungekiruka bila kufikiri, na upande wa pili kuna kito kinachong'aa. Kwa kuwa huwezi kuruka, inakubidi uanguke kuelekea juu, chumba baada ya chumba, katikati ya miiba iliyobanana, kisha ugeuze mvutano na kushuka njia ileile ili utue upande wa pili wa kijiwe hicho. Vituo vya kuanzia vimejaa mchezo mzima, ila katika safari hiyo hakuna hata kimoja. Nilijaribu kwa siku tatu, na nikawa naijua njia kwa mdundo kuliko kwa macho: kushoto kidogo, kulia zaidi, subiri, kulia. Siku nilipotua nilikaa pale pembeni ya kito kwa muda, nikikitazama kile kijiwe, kabla ya kupiga hatua moja na kukichukua.