Mjadala: Zanzibar iendelee kutegemea waya wa Bara, au ijitafutie umeme wake?

Mtoa mada:
Assalam alaykum jamani. Nalileta hili nikijua litawachoma baadhi yenu, maana anayegusa umeme wa Zanzibar huambiwa anagusa Muungano. Sina nia hiyo.

Unguja inapata karibu umeme wake wote kutoka Tanesco, kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Bara, hadi Fumba. Waya wa kwanza ni wa 1980, megawati 45. Mei 2008 ukaharibika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukafa tena, na safari hii umeme ulirudi Machi 2010. Waliokuwepo wanajua: pampu za visima zimezima, watu wanahangaika na madumu ya maji, mwenye uwezo ananguruma na jenereta lake, asiye nalo anatoa samaki kwenye friji kabla hajaoza. Mchumi Alfredo Burlando alichambua rekodi za uzazi za hapa akakuta watoto waliozaliwa miezi saba hadi kumi baada ya giza la 2008 walikuwa na uzito pungufu, na sababu akaihusisha na kipato kilichokatika. Hayo yote ni hitilafu ya waya mmoja.

Mwaka 2013 tukapata waya mwingine wa megawati 100, kwa fedha za Wamarekani kupitia MCC, shirika lao la misaada ya maendeleo. Ahsante yao. Ila muuzaji ni yuleyule; tumeongezewa mlango kwenye duka lilelile. Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, aliitaka Tanesco iwakatie wadaiwa sugu wote, hata Zanzibar, na ZECO, shirika letu la umeme Zanzibar, ilikuwa ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Rais wa Zanzibar wakati huo, Shein, akajibu kwamba wakikata tutawasha vibatari. Nyaya zilikuwa nzima siku hiyo!

Msimamo wangu: tuzalishe wenyewe, hata kwa bei ya juu, kiasi cha kuendesha hospitali, visima na bandari bila ya Bara. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza:
Nakupinga, ndugu yangu. Bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115. Umeme wa maji, rahisi, uko jirani, halafu sisi tukalipe zaidi kwa ajili ya fahari? Kisiwa hakina mto wa maana, na ardhi yenyewe hii tunayogombania na wawekezaji. Majenereta ya dizeli ya Mtoni, megawati 32, tulijengewa baada ya lile giza. Kuyawasha ni kuchoma pesa, na hiyo dizeli nayo inakuja kwa meli. Huko si kujitegemea, ni kubadilisha wa kumtegemea. Na mgogoro wa 2017 ulikuwa wa bei na kodi. Mwaka 2019 Serikali ya Muungano ikaifuta VAT kwenye umeme unaouzwa ZECO. Mambo yaliisha mezani.

Mchangiaji wa pili:
Mie fundi umeme, siasa nawaachia wenyewe. Mkitaka tuzalishe wenyewe kwa jua, mjue paneli zilizofungwa kwenye gridi kwa mtindo wa kawaida huzima gridi ikizima. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika majumbani, inafuata mawimbi ya gridi. Isipoyaona inajitoa, ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo. Kwa hiyo hata tungejaza paneli kisiwa kizima, giza la 2009 lingekuwa lilelile, saa sita mchana jua linawaka. Kinachotakiwa ni betri zenye inveta za kuanzisha gridi zenyewe. Tena matumizi yetu yanapanda magharibi, watu wakirudi majumbani na mahoteli yakiwasha kila kitu. Bila ya betri, hizo paneli ni pambo.

Mtoa mada:
Fundi, umenisaidia kuliko ulivyodhani. Mradi wa ZESTA wa Benki ya Dunia una jua pamoja na betri, na hapo ndipo nataka tubane: je, betri hizo zitaweza kuanzisha mji peke yake, au zitasubiri ishara kutoka Bara? Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kufungwa, likishapita basi tena.

Na wewe wa kwanza, sikusema tuache umeme wa Rufiji. Tuununue, tena mwingi. Lakini gridi ya Taifa ikianguka na sisi tunaanguka nayo, bwawa liwe limejaa au halikujaa. Na mambo "yaliisha mezani" kwa sababu upande wa pili ulikubali kukaa mezani. Sisi tulikuwa na nini mkononi zaidi ya vibatari?

Mchangiaji wa kwanza:
Sawa, hilo la visima na hospitali nakupa. Sasa sema nani analipa. Ukiongeza kwenye uniti, atakayelia ni mama wa Jang'ombe anayenunua tukuza, umeme wa kulipia kabla, ya elfu mbili.

Mtoa mada:
Mahoteli makubwa yachangie kwanza. Tayari yanalipia majenereta yao.

Mchangiaji wa tatu:
Mahoteli yana paneli zao na mafuta yao, yatakuambia hayakuhitaji. Tafuta jibu jengine.