Barua pepe ya "ajenti" karibu initoe jasho, ni waifai ama?

mtoto_wa_likoni: Jamani salaam. Mimi niko kampuni ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa, jana nimeletewa barua pepe kama ya ajenti wetu wa siku zote, yasema akaunti ya benki imebadilika tulipe leo leo la sivyo kontena lakwama, na mimi niko mkahawani karibu na feri kwa waifai ya bure, walahi karibu nitume. Kilichonistua ni anwani, pahali pa "m" wameweka "r" na "n" zimebanana, kwa simu huoni kitu. Ni hiyo waifai imenichongea?

BintiMvita: Pole kakangu. Waifai sidhani, anwani za ofisi ziko kila pahali. Ukiambiwa akaunti imebadilika piga nambari uliyokuwa nayo zamani, si ile iloandikwa humo, hiyo atapokea mwizi mwenyewe tena kwa adabu zote. Na kile kikufuli cha brauza kisikudanganye, hata tovuti ya mwizi inacho.

mzee_kahawa: Mwanangu, mkahawani mimi hutumia bando langu. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila kisha nambari ya siri ya kuletewa kwa simu, na hiyo nambari ya esemesi usimpe mtu.

mtoto_wa_likoni: Shukran. Nshampigia ajenti, hajabadilisha chochote. Sasa nimwambie bosi ama ninyamaze?

BintiMvita: Mwambie leo! Na hiyo barua pepe usiifute, sheria ya makosa ya kompyuta tunayo tangu 2018, huo ni ushahidi. Waulize na wenzako wa idara ya uhasibu, huenda wao wametumiwa hiyo hiyo.