Naomba ushauri: kikomo cha wachezaji watatu kwa klabu kwenye drafti ya fantasi

Habari zenu wakuu. Tuko 10 kwenye ligi yetu ya fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, yaani kila mtu anaunda timu ya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanavyocheza uwanjani. Tunacheza drafti: mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine hawamgusi. Zamu zinakwenda kinyokanyoka, yaani kila raundi mpangilio unageuzwa: wa 10 anachagua mara mbili mfululizo, kisha anasubiri wenzake wachukue 18. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi ni sheria tuliyoiongeza wenyewe: marufuku kuzidisha wachezaji watatu wa klabu moja. Kila mtu anatakiwa awe na makipa wawili, yaani makipa 20, na klabu ni 20. Raundi ya mwisho alibaki kipa mmoja tu anayeanza, na klabu yake nilishajaza watatu. Nikaishia kubeba kipa wa benchi ambaye hata glovu zake hazichafuki. Nikapendekeza makipa wasihesabiwe, wenzangu wakasema nataka kubadili sheria kwa sababu imeniuma. Kweli kidogo.

Naomba kujua: wenye kikomo kama hiki, makipa mnawahesabu? Na mchezaji wangu akihama Januari kwenda klabu ambayo tayari nina watatu, naacha mmoja au nabaki na wanne?