Kutaja kitu ndani ya orodha: mabano, slashi au nukta?

ZabibuKavu: Wakuu, habari za jioni. Tunaandaa kiwango cha faili za data kwa vituo vya kupokea zabibu, Hombolo hadi Mpunguzi. Faili zenyewe ni JSON, yaani data iliyoandikwa kwa maandishi, kila sehemu na jina lake. Tumekwama kwenye namna ya kutaja kitu kimoja ndani ya orodha: mizigo[0], /mizigo/0 au mizigo.0? Rasimu inatakiwa Ijumaa.

Area_C: Mkuu, umeficha mambo. Anwani hiyo inasomwa na mtu au programu? Mnasoma tu au mnahariri pia? Kuna sehemu zenye jina la tarakimu tupu?

FundiLua: Anzeni kuhesabu na 1, basi. Lugha za programu kama Lua, R, Julia zote zinaanza na 1. XPath, ya kutafuta ndani ya faili za XML, ni hivyo tangu 1999. Karani wa mizani sifuri ya nini?

Mtumba_Dom: Lua tena 😂 Dijkstra, yule mwanasayansi wa kompyuta, alishaeleza mwaka 1982: ukianza na 0 na namba ya mwisho ukaiacha nje, urefu wa kipande ni mwisho kutoa mwanzo, huongezi moja wala hupunguzi. JSONPath, ile ya mabano (kiwango cha intaneti RFC 9535, 2024), inaanza na 0, na [-1] ni kitu cha mwisho. Chukueni hiyo mlale.

FundiLua: Dijkstra hakuwahi kupima zabibu.

Kibaigwa_Mix: Kwenye kuhariri niulizeni mimi. Tulikuwa na mfumo wa stakabadhi za mahindi. Programu ya simu inahesabu kuanzia 1, seva kuanzia 0, kwa hiyo kila rekebisho linamwangukia mkulima anayefuata. Tukalitibu hilo, tukajua tumepona. Kumbe karani anafuta mstari wa 2, halafu wa 5, akiangalia karatasi aliyochapisha asubuhi. Ukishafuta wa 2 wote wa chini wanapanda. Wa 5 wa sasa ni yule aliyekuwa wa 6. Mama wa watu kaja na stakabadhi mkononi, magunia yake hayamo, na aliyetakiwa kufutwa yumo anadunda. Tulilinganisha madaftari mpaka macho yakauma. Mabano au slashi, hapo vingesaidia nini? Upeni kila mzigo namba yake ya stakabadhi, mtafute kwa hiyo.

ZabibuKavu: @Area_C wanasoma wote, watu na programu. Kuhariri kupo. Majina ya tarakimu yapo, msimu tunauita "2024".

Area_C: Basi slashi na nukta zina mtego. Kwa RFC 6901, kiwango cha anwani za slashi, /mizigo/0 inaweza kuwa kitu cha kwanza cha orodha au sehemu iliyopewa jina "0". Hujui mpaka uione data yenyewe. Mabano yanatenganisha: [0] ni nafasi, ["0"] ni jina.

Mtumba_Dom: Ila slashi ina /mizigo/- ya kuongeza mwishoni. JSON Patch, kiwango cha kuhariri faili za JSON, inaitumia, tamu sana.

Nzuguni_usiku: Na mabano kwenye URL yanageuka %5B0%5D. Mkaandike hiyo kwa simu, juani, foleni ya matrekta nyuma yenu.

Kibaigwa_Mix: Halafu "2024" msimu upi? Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka.

ZabibuKavu: Kuna mjumbe kapendekeza "2024/1" na "2024/2".

Area_C: Slashi ndani ya jina! Mkichagua RFC 6901, slashi ya ndani ya jina inageuka ~1, kwa hiyo 2024/1 itaandikwa 2024~11. Kila la heri kwa karani.

FundiLua: Ila msimu mmeuanza na 1. Mmeona?

Mtumba_Dom: Moderator, huyu afungiwe 😂