Glovu ya softiboli kwa binti wa miaka 10 anayeanza: mtumba wa Mlango Mmoja, mpya ya mjini au nisubiri ya Dar?

MamaWawili_Nyegezi
Wadau, habari za jioni. Binti yangu yuko darasa la tano na shuleni kwao wameanzisha softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kuudaka kwa glovu, ndugu wa besiboli. Glovu za shule ni chache, watoto wanapokezana, na mwalimu amesema mzazi mwenye uwezo amnunulie wake. Mimi nilicheza netiboli tu, huku ni mgeni kabisa. Nimezunguka nimepata tatu:

A. Mtumba, soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza. Ngozi tupu, imeshalainika, imeandikwa 12.5. Jamaa alianzia 40,000, tumefika 25,000.
B. Mpya, duka la vifaa vya michezo mjini. Ngozi ya bandia, pinki, imeandikwa 10. Bei 45,000, hapunguzi hata mia.
C. Mpya, iko Dar, shemeji anaweza kuja nayo mwisho wa mwezi. 11.5, kiganja cha ngozi, mgongo wa kitambaa kigumu. 110,000.

Moyo unanivuta kwa A. Nisaidieni kabla jamaa hajaiuza.

Bwiru_Halisi
Chukua A. Ngozi ni ngozi, dada. Hiyo ya pinki ni ya kupigia picha.

KochaWaMtaa
Mama, usitoe hela kwanza. 12.5 ni saizi ya mtu mzima, tena yule anayesimama nyuma kabisa ya uwanja. Namba hiyo ni inchi, inapimwa kutoka ncha ya kidole cha shahada kushuka kwenye mfuko wa glovu (pale mpira unapotua) mpaka chini kwenye kisigino cha kiganja. Wa miaka 10 mpe 11 mpaka 12, basi.

Na usikimbilie ile ya 10 kwa kuwa ana mkono mdogo. Mpira wa softiboli ni mkubwa: mzunguko wake ni inchi 12, kama sentimita 30, na wadogo wengi huanza na wa inchi 11. Wa besiboli ni inchi 9 tu. Kwenye mitumba glovu za michezo hiyo miwili zimechanganywa na muuzaji hajui tofauti. Ya besiboli mfuko wake hauna kina cha kutosha, mpira wa softiboli unaingia nusu halafu unaruka nje, mtoto anadhani yeye ndiye hajui kudaka. Nenda na mpira wenyewe, uazime kwa mwalimu.

Swali la muhimu kuliko yote hujaligusa: binti anatupa kwa mkono gani?

MamaWawili_Nyegezi
Anaandika kwa kulia, kocha. Na hiyo A inavaliwa mkono wa kulia, nikaona sawa.

KochaWaMtaa
Subiri hapo. Glovu inavaliwa mkono USIOTUPA. Anayetupa kwa kulia anavaa kushoto. Zenyewe mara nyingi zimepigwa muhuri: RHT ni ya anayetupa kwa kulia, LHT ya anayetupa kwa kushoto. Hiyo A ni ya mashoto.

Na kuandika kusikudanganye. Huku kwetu mtoto akishika kijiko kwa kushoto bibi anamchapa kidole, anakua anakula na kuandika kwa kulia ila mkono wake wenyewe ni ule mwingine. Mpe chungwa, simama mbali, mwambie "nirushie", usimwambie lolote lingine. Rudia mara kadhaa.

Mzee_wa_Dagaa
Softiboli Mwanza hii? Mnunulie mpira wa miguu, Kirumba pale uwanja upo.

Nansio_Ferry
Mzee wangu, ng'ambo ya ziwa hapo Uganda watoto wa Lugazi walienda Marekani mwaka 2012 kwenye Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. Na hiyo ni besiboli, mchezo ambao watu walisema hivyo hivyo. Tusimvunje moyo mama.

Dada, mimi ningeongeza jambo la mtoto kuweza kuifunga glovu. Mvalishe, aifunge kwa nguvu zake mwenyewe, kidole gumba kikutane na cha mwisho. Halafu weka mpira ndani, ageuze kiganja chini. Ukidondoka, bado. Akining'iniza mkono na glovu ikateleza yenyewe, ni kubwa. Ngozi nene nzuri isiyofunga haimsaidii anayeanza. Hapo C ina faida, kitambaa cha mgongoni ni chepesi, na angalia kama ina mkanda wa kubandika kwenye kifundo, huo unakaza kadiri ya mkono wake.

Bwiru_Halisi
Ngozi si inalainishwa? Ipake mafuta ya kula, iweke juu ya jiwe juani, jioni iko laini.

FundiViatu_Igoma
Kaka, hapana! Jua kali linakausha ngozi na kamba zinakatika, na mafuta ya kula yanachacha, glovu inanuka mpaka mtoto anaikataa. Vaselini kidogo sana kwenye mfuko na kwenye mikunjo, futa kwa kitambaa, halafu kazi ni kuchezesha mpira tu. Usiku weka mpira mfukoni, funga kwa kamba ya mpira. Ikinyeshewa kausha kivulini, maana unyevunyevu wa huku ziwani ukiifungia kwenye begi ikiwa mbichi, asubuhi ina ukungu.

Ukinunua mtumba kunja zile kamba kati ya kidole gumba na cha shahada. Zikitoa nyufa, hesabu gharama ya kubadilisha. Sisi mafundi viatu tunaweza, ila kamba ya ngozi kuipata ndiyo shughuli.

MamaWawili_Nyegezi
Jamani wabeja sana. Nimemjaribu kwa chungwa, yote ametupa kwa kulia bila kufikiri. Kwa hiyo A imekufa. Mwalimu anasema wanatumia mpira wa inchi 11. B niliirudia nikiwa na mpira, hata haukai, na glovu yenyewe inagoma kukunjika kama kifuniko cha ndoo. Nimemwambia shemeji anitumie picha ya C upande wa muhuri kabla ya kulipa. Mpaka ije, atapokezana na wenzake.

KochaWaMtaa
Sawa kabisa. Mwambie shemeji aivae yeye mkono wa kushoto na kupiga picha ikiwa mkononi, muhuri wakati mwingine umefutika.

Sabasaba_Ilemela
Samahani kuingilia. Hiyo A iko kwa muuzaji wa upande gani pale Mlango Mmoja? Kijana wangu ni mashoto kwelikweli, ana miaka 16.

MamaWawili_Nyegezi
Ukiingia ulizia wanaouza mabegi ya shule, imetundikwa juu. Usianzie zaidi ya 20,000.