Tuko Dodoma, tunataka kulinda bahari: twende pwani au tuanze na makorongo?

kikundi_Nzuguni
Habari wakuu. Tuko watu 25 wa kujitolea hapa mjini. Jumamosi ya tatu ya Septemba ni siku ya usafi wa fukwe duniani. Wengine wanataka tukodi basi twende Bagamoyo tukaokote taka na kupanda mikoko, wengine wanasema nauli hiyo itumike hapa hapa. Je, taka za Dodoma zinafika baharini kweli? Na tukibaki, tufanye nini hasa?

bonde_hadi_pwani
Zinafika, ila inategemea maji ya mtaa wenu yanaelekea wapi. Maji mengi ya mjini huingia mto Kinyasungwe Ndogo na kwenda bwawa la Hombolo. Chini ya Hombolo, Kinyasungwe hupita Gulwe, hukutana na Mkondoa upande wa Kilosa, kisha Wami, na Wami humwaga Bahari ya Hindi kule Saadani. Upande wa Bahi ni tofauti: mto Bubu huishia kwenye kinamasi cha Bahi, maji hayana pa kutokea. Kusini, mto Kizigo huingia Ruaha Mkuu, bwawa la Mtera, hadi delta ya Rufiji yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote nchini.

Hombolo hunasa sehemu ya taka. Chupa isiyo na kifuniko hujaa tope ikazama. Iliyofungwa huelea, na bwawa likifurika huvuka. Kwa hiyo chupa zenye vifuniko ndizo za kuwahi kwanza.

Tarehe yenyewe inawafaa nyinyi kuliko hata watu wa pwani. Septemba makorongo ni makavu, taka zimelala mchangani na kunasa kwenye mizizi ya migunga. Mvua za kwanza, mwisho wa Novemba au Desemba, husomba zote kwa saa chache. Bakini.

kikundi_Nzuguni
Asante sana mkuu. Tumefikiria kutega wavu korongoni ukatize ng'ambo mpaka ng'ambo, ubaki msimu mzima. Inafaa?

fundi_mitaro
Korongo kubwa, hapana. Mafuriko ya kwanza hushuka na matawi na mabua ya mtama. Wavu unaziba, maji yanatafuta njia pembeni na kula kingo, mwishowe nguzo zinang'oka na wavu wenyewe unakuwa taka. Tena sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo hata mtego mdogo uombewe ruhusa kwenye kata na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Tegeni kwenye mitaro ya mtaa kabla haijaingia korongoni. Wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 5 hivi, ukae mshazari ili taka zisukumwe upande mmoja mnakoweza kuzifikia kwa reki. Kimo chake kisizidi nusu ya kina cha mtaro, mvua kubwa ipite juu. Usafishwe baada ya kila mvua bila kukosa. Kama hamna watu wawili wanaoishi jirani wa kuibeba kazi hiyo, msitege kabisa.

Siku ya kuokota: gaweni watu wanne wanne, mmoja aandike, watatu waokote, kila kundi kipande cha mita 100. Hesabuni kwa aina (chupa, vifuniko, vifungashio, kandambili) kabla ya kupima uzito, maana kiroba chenye mchanga mbichi hudanganya mizani. Kung'uteni kwanza. Sindano na vioo viingie kwenye dumu gumu lenye kifuniko, kamwe si kwenye kiroba. Anzeni saa 12 na nusu asubuhi, saa 4 mmalize. Jua la Dodoma linachosha watu kabla ya kazi kuisha. Na gari la kuzoa lipatikane kabla ya siku yenyewe: viroba vikilala korongoni wiki mbili, mbuzi na upepo watavifungua vyote.

Msichome. Jivu na mabaki ya plastiki husombwa na mvua ileile.

mchu_na_mkoko
Kuhusu mikoko, siku moja ya wageni mara nyingi hupotea bure. Watu huchomeka mbegu ndefu za mkoko kwenye tope tupu karibu na maji kwa sababu ndiko kuna nafasi, na bamvua (maji makuu ya bahari) la kwanza huzing'oa. Kila aina ina mahali pake: mlilana huvumilia upande wa bahari, mkoko wenyewe (ule wa mbegu ndefu) hupenda tope la vijito, mkandaa hukaa nyuma zaidi. Mahali palipokatwa lakini maji yanaingia na kutoka vizuri, mara nyingi mikoko hurudi yenyewe. Kinachohitajika ni kuzuia panga na kufungua mkondo uliozibwa.

Mkienda siku nyingine, kwanza pateni kibali cha watu wa misitu, kisha wenyeji wawaonyeshe pa kupanda, maji yakiwa yamekupwa. Ufukweni msifagie mwani uliotupwa na mawimbi wala msichimbe mchanga wa juu. Kasa hutaga hapo.